Kutoka Old Trafford mpaka Elgin: kwanini Andy Goram alizunguka timu zote zile?

Swali la msomaji: "Kocha shikamoo. Mimi ni kipa nina miaka 33, goti la kulia linanisumbua muda mrefu, nimeshacheza timu sita na msimu huu nimeachwa tena. Kuna timu ya daraja la chini inanitaka nikawe kipa wa pili. Jamaa zangu wananiita mzururaji. Nimesoma habari za Andy Goram wa Uskoti, nikaona akiwa na miaka 37 alidakia Manchester United halafu miaka miwili mitatu mbele yuko Elgin City. Huyu alikuwa kipa mkubwa akaharibikiwa au ndo maisha ya makipa yalivyo? Na maisha yake ya nje ya uwanja yalihusika kiasi gani?"

Marahaba mdogo wangu. Umemchagua mtu sahihi kabisa wa kumuulizia, ila umeuliza kama vile kuna majibu mawili tu na lazima moja liwe kweli, wakati kwa Goram yote mawili yapo na yamechanganyika, na kazi yangu leo ni kukusaidia kuyatenganisha ili ujue lipi linakuhusu wewe na lipi halikuhusu. Msimamo wangu nausema mapema: idadi ya timu alizopita kipa haikuambii alikuwa mzuri kiasi gani, maana kipa haami kwa sababu zilezile anazohama winga au namba sita. Langoni nafasi ni moja. Aliyeipata akiwa mzima haiachii, na kocha habadilishi kipa dakika ya 60 eti ampumzishe, kwahiyo wengine wote waliobaki pale kambini wanasubiri mtu aumie, afungiwe, auzwe au avurunde. Ukilielewa hilo, msururu wa timu za Goram unaanza kusomeka.

Goram alizaliwa Bury, kaskazini mwa England, 13 Aprili 1964. Soma vizuri hapo, alizaliwa England. Baba yake Lew alikuwa Mskoti na alikuwa kipa pia, aliwahi kuwa Hibernian ya Edinburgh, wanaoitwa Hibs kwa kifupi, kabla ya kushuka kusini na kuishia Bury. Kijana alianza West Bromwich Albion kwenye timu ya vijana, wakamuacha, akaenda Oldham Athletic mwaka 1981. Yaani mtu ambaye baadae mashabiki wa Rangers ya Glasgow walimpigia kura kuwa kipa wao bora wa wakati wote alianza kazi kwa kuachwa, na sababu kubwa iliyokuwa inamfuata ilikuwa urefu, hakuwa anazidi futi 5 na inchi 11, kama sentimita 180 hivi, na kwa kipa wa Uingereza wa miaka ile ya krosi na vichwa hiyo ilikuwa inaonekana fupi.

Pale Oldham chini ya Joe Royle akacheza mechi karibu 200 za ligi. Daraja la pili, hakuna kamera nyingi, mvua, matope, halafu mwaka 1986 klabu ikatandika uwanja wa nyasi bandia, na zile za zamani hazikuwa kama hizi za sasa zenye mpira laini chini, ilikuwa kama zulia juu ya sakafu ngumu. Mimi kama mtu wa makipa nikisikia kijana amedakia kwenye zulia la namna ile naanza kuwaza magoti na nyonga zake. Akiwa hapohapo Oldham, Oktoba 1985, akaitwa timu ya taifa ya Uskoti na kuingia dhidi ya Ujerumani Mashariki pale Hampden, uwanja wa taifa wa Uskoti. Mwaka uliofuata akaenda Kombe la Dunia Mexico kama kipa wa akiba, mwaka 1990 akaenda Italia, tena akiba. Mbele yake kulikuwa na Jim Leighton. Kombe la Dunia mara mbili na hajagusa mpira hata dakika moja, na huyo ni kipa aliyemaliza na mechi 43 za taifa. Kwahiyo hiyo habari ya kuwa kipa wa pili inayokuumiza roho, hata yeye aliijua vizuri.

Mwaka 1987 Hibs wakamnunua kwa pauni 325,000, timu ileile ya baba yake. Pale ndo alipoonyesha kwamba alikuwa mwanamichezo wa aina ya peke yake. Mei 1988 alifunga goli dhidi ya Morton kwa mpira aliopiga akiwa kwake langoni ukadunda ukampita kipa wa kule. Halafu kuna kriketi, na hii watu wengi huku hawaijui: Goram aliichezea Uskoti kriketi pia, kati ya 1989 na 1991, akipiga kwa mkono wa kushoto, na ni nadra sana mtu kuvaa jezi ya taifa ya Uskoti kwenye michezo yote miwili. Siisemi kama pambo. Mpira wa kriketi ni mgumu, unakuja kwa kasi na una dunda la ajabu, ukiuzoea tangu utoto jicho lako linasoma mwelekeo mapema na mikono yako haiogopi. Ukiangalia video zake utaona mikono inakuwa tayari kabla mwili haujaanza kuruka. Alipoenda Rangers kriketi ikabidi iishe, klabu haikutaka kipa wao avunjwe kidole na mpira wa ngozi.

Sasa kuhusu huo uhamisho wa Rangers wa mwaka 1991 naomba unisikilize kwa makini, kwasababu ndani yake kuna somo zima la soko la makipa. Rangers walikuwa na Chris Woods langoni, kipa wa England, mzuri, hana tatizo lolote. Ila UEFA ikaleta kanuni ya kubana idadi ya wageni kwenye mashindano ya Ulaya, wageni watatu tu na wawili waliolelewa kwenye mfumo wa nchi hiyo, na kwa kanuni hiyo Muingereza akiwa klabu ya Uskoti anahesabika mgeni. Kocha wao Walter Smith ana Waingereza kibao kwenye kikosi. Ukitaka kuokoa nafasi ya mgeni unaanzia wapi? Unaanzia langoni. Woods akauzwa Sheffield Wednesday, na Hibs ambao walikuwa na hali mbaya ya fedha, mwaka mmoja nyuma mwenyekiti wa mahasimu wao Hearts, Wallace Mercer, alitaka kuwanunua kabisa, wakamuachia Goram kwa pauni milioni 1. Mtu aliyezaliwa Bury akahesabika Mskoti kwasababu ya damu ya baba yake na jezi ya taifa aliyokuwa ameshaivaa. Woods hakuondoka kwa kuvurunda na Goram hakuingia kwa kipaji peke yake, kanuni ya ofisini kule UEFA ndo ilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Hizo timu sita zako, hebu jiulize ngapi uliondoka kwa sababu za karatasi, bajeti au kocha mpya kuja na kipa wake.

Mwanzo pale Ibrox, uwanja wa Rangers, ulikuwa mchungu. Septemba 1991 Rangers wakatolewa nusu fainali ya Kombe la Ligi na Hibs walewale, 1-0, Goram langoni, na Hibs wakaenda kulibeba lile kombe bila yeye. Ulaya wakatolewa na Sparta Prague raundi ya kwanza kwa kanuni ya goli la ugenini. Watu wakaanza kunung'unika kwamba milioni imeliwa. Walter Smith hakumtoa, akaendelea kumpanga, na mwisho wa msimu Rangers wakabeba ligi na Kombe la Uskoti.

Msimu wa 1992-93 ndo ule. Rangers walibeba makombe yote matatu ya ndani, na Ulaya walicheza mechi kumi bila kupoteza. Mechi mbili dhidi ya Leeds United, mabingwa wa England, walishinda 2-1 nyumbani na 2-1 ugenini, na ile ya Elland Road, kwao Leeds, Novemba 1992 ukiipata itazame mara mbili. Mark Hateley anafunga mapema goli la kideo, halafu Leeds na Eric Cantona wao wanamwagika, na unaona mtu mfupi mwenye tumbo kidogo anakataa. Kwenye makundi walikuwa na Marseille, Club Brugge na CSKA Moscow, wakakosa fainali kidogo tu, Marseille ndo wakapita. Mwaka huo wachezaji wenzake na waandishi wa habari wote walimchagua mchezaji bora wa mwaka Uskoti. Kipa, sio fowadi.

Alikuwa anafanyaje na urefu ule? Hili nalijibu kwa hamu maana linakuhusu moja kwa moja. Kwanza ni mahali pa kusimama kabla shuti halijapigwa. Goram alikuwa anajisogeza hatua ndogondogo mbili tatu wakati mpira uko njiani kumfikia mpigaji, na mguu wa mpigaji ukirudi nyuma yeye ameshatulia, miguu miwili chini, hajiyumbishi, kwahiyo anaweza kwenda upande wowote. Makipa wengi warefu wanategemea mkono mrefu kurekebisha sehemu mbaya waliyosimama, mfupi hana hiyo ruhusa. Pili ni ana kwa ana na straika. Hapo kwa macho yangu sijaona wengi wa kumzidi katika kizazi kile. Hakuwa analala mapema. Anakuja mbele, anasimama, anasubiri straika ndo aamue, anajipanua dakika ya mwisho kabisa kwa mguu, goti, kifua, chochote, na straika anayeangalia lango anaona halipo tena. Tatu ni kwamba alikuwa hapotezi muda kujilaumu. Akifungwa anauchukua mpira, anautupa, tunaendelea. Hilo la tatu halifundishiki kirahisi, ila mawili ya kwanza yanafundishika hata ukiwa na miaka 33, na tena hayahitaji goti zima sana.

Na goti lake halikuwa zima. Msimu wa 1993-94 karibu wote alikuwa nje kwa upasuaji wa goti, Ally Maxwell ndo akadaka. Kipindi kilekile ndo makipa wote duniani walikuwa wanajifunza maisha mapya baada ya kanuni ya 1992 iliyowakataza kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzao, maana yake kipa ghafla anatakiwa kupiga mipira mingi zaidi kwa mguu, chini ya presha, na kila mpira mrefu unaopiga ni mzigo kwenye goti. Alipokuwa nje uzito ukapanda. Kiangazi cha 1994 Walter Smith akamuweka kwenye listi ya kuuzwa, hadharani, na ujumbe ulikuwa wazi: jirekebishe au ondoka. Goram alipungua, akafanya mazoezi, akarudi, na akaipata nafasi yake. Nakwambia hivi kwasababu watu wakisimulia habari zake wanaruka kutoka kwenye sifa mpaka kwenye pombe, hapa katikati wanaparuka, na hapa ndo pana kazi halisi. Mtu wa miaka 30, goti limefunguliwa, klabu imeshasema hadharani haimtaki, na bado miaka yake bora miwili ilikuwa mbele.

Msimu wa 1995-96 Celtic ya Tommy Burns ilipoteza mechi moja tu ya ligi msimu mzima na bado haikuwa bingwa. Rangers pointi 87, Celtic 83. Kwenye zile dabi Celtic walikuwa wanatengeneza nafasi nyingi na yule jamaa langoni anazipangua, ndo Burns akasema maneno ambayo hayajasahaulika Glasgow, kwamba akifa kwenye kaburi lake waandike Andy Goram ndo alimvunja moyo. Kocha wa mahasimu anasema hivyo. Mimi sioni medali inayozidi hiyo.

Kiangazi hichohicho kukawa na Euro 96 kule England, na kocha wa Uskoti Craig Brown akampanga Goram mbele ya Leighton. Uholanzi 0-0, Uswisi 1-0, na katikati wakafungwa 2-0 na England pale Wembley. Kila mtu anaikumbuka mechi ile kwa goli la Paul Gascoigne, Gary McAllister amekosa penati, David Seaman ameitoa, na kabla dakika haijapita Gascoigne amemnyanyulia beki Colin Hendry mpira na kumpiga Goram, mtu ambaye anavaa naye jezi moja Rangers kila wiki. Goram alifungwa magoli mawili tu mashindano yote na bado Uskoti ikatoka, kwa idadi ya magoli ya kufunga, baada ya Uholanzi kupata goli moja wakichapwa 4-1 na England. Kipa ametimiza kazi yake mechi mbili kati ya tatu kwa asilimia mia na anarudi nyumbani. Ndo kazi yetu hii.

Sasa nje ya uwanja, maana umeuliza na sitakukwepa. Mwenyewe alishasema wazi miaka mingi kwamba alikunywa sana, alicheza sana kamari za farasi, na ndoa zilivunjika. Hayo hayakuwa siri Glasgow, na Glasgow mchezaji wa Rangers au Celtic hana pa kujificha, nusu ya mji inakupenda kupita kiasi na nusu nyingine inasubiri uanguke. Kuna pia siasa zilizomfuata. Januari 1998 aliingia kwenye dabi ya Celtic na kitambaa cheusi mkononi, siku chache baada ya kuuawa kwa Billy Wright, kiongozi wa kundi la wanamgambo wa Kiprotestanti wa Ireland Kaskazini, upande ambao mashabiki wengi wa Rangers wanahusishwa nao, watu wakaunganisha na mauaji yale, yeye akasema kitambaa ni cha shangazi yake aliyefariki. Hata ukimuamini, kwenye mji ule na siku ile mtu mzima wa miaka 33 alitakiwa kujua kitambaa kile kitasomwaje.

Mei 1998 Rangers wakamaliza bila kombe, ligi imeenda Celtic, fainali ya Kombe la Uskoti wamefungwa 2-1 na Hearts. Walter Smith anaondoka, Dick Advocaat anakuja, kizazi kizima kinafunguliwa mlango, Goram mmoja wao. Wakati huohuo magazeti yanaandika maisha yake ya ndani kila siku, na akiwa kambini na timu ya taifa Marekani wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa akaamua kuondoka. Leighton, karibu anafika miaka 40, akadaka mechi zote. Goram hakurudi tena timu ya taifa. Hapa mdogo wangu ndo nasema wazi kwamba maisha yake ya nje yalimgharimu, na gharama haikuwa nafasi ya klabu, ilikuwa ni ile Kombe la Dunia ya tatu, ambayo ingeweza kumkuta yuko uwanjani.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma. Magazeti yaliwahi kuandika kwamba amekutwa na aina nyepesi ya skizofrenia, na mashabiki wa timu pinzani wakageuza ule wimbo wao wa kawaida wa "yuko mmoja tu" wakamuimbia kwamba wako Andy Goram wawili. Mpaka leo wimbo ule unatajwa kila mahali kama utani bora wa soka la Uingereza. Mimi siucheki. Kipa amesimama peke yake, mgongo wake uko mita chache kutoka jukwaani, hana mtu wa kumuongelesha, na dakika 90 watu elfu kadhaa wanamuimbia habari za ugonjwa wa akili. Ukitaka kujua kwanini makipa wengi wa kizazi kile waliishia baa baada ya mechi, anza kuangalia hapo kabla hujaanza kuwahukumu.

Haya, baada ya 1998 ndo ule mzunguko unaokuvutia. Miaka 34, magoti mabovu, mkataba umeisha. Tangu hukumu ya Bosman mwishoni mwa 1995 mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bure, na hii kwa mkongwe ni neema kwasababu timu haimlipii mtu ada, inamlipa mshahara tu, hata wa mwezi mmoja mmoja. Goram akadaka mechi moja Notts County, saba Sheffield United, halafu mwanzoni mwa 1999 akaingia Motherwell na akakaa hapo mpaka 2001, mechi zaidi ya 50 za ligi kuu ya Uskoti. Hii Motherwell watu wanairuka, na mimi nadhani ndo sehemu ya heshima kuliko zote baada ya Rangers, kwasababu hapo hakuwa mtu wa kuziba pengo, alikuwa kipa namba moja wa timu ya ligi kuu akiwa na miaka 36 na goti lile.

Kisha Machi 2001 simu ikalia kutoka kwa Manchester United. Mark Bosnich ameondoka Januari, Fabien Barthez na Raimond van der Gouw wana majeraha, na wakati ule England hakukuwa na dirisha la Januari kama tunavyolijua sasa, timu zilikuwa zinasajili msimu mzima mpaka siku ya mwisho ya Machi iliyopangwa. Ikipita hiyo umekwama. Kocha wa United Alex Ferguson, aliyekuwa na Goram kule Mexico mwaka 1986 kama kocha wa Uskoti, akamchukua kwa mkopo uliogharimu pauni 100,000. Tarehe 14 Aprili 2001, siku moja baada ya kutimiza miaka 37, akadaka dhidi ya Coventry, United wakashinda 4-2, na siku hiyohiyo Arsenal wakafungwa nyumbani 3-0 na Middlesbrough, ubingwa ukawa wa United. Akadaka nyingine moja ugenini Southampton wakafungwa, basi. Medali ilihitaji mechi 10, hakupata. Mechi mbili. Lakini jiulize kwanini Ferguson hakuchukua kijana wa miaka 22 mwenye magoti mazima. Kwa wiki sita hutafuti kipaji cha kukuza, unatafuta mtu ambaye akiingia Old Trafford mbele ya watu zaidi ya 60,000 mapigo ya moyo hayapandi. Kitu hicho kinauzwa bei, na wanaokiuza ni wazee tu.

Msimu uliofuata akagusa Hamilton mechi moja, akaenda Coventry, ndo, walewale aliowafungia njia Aprili, akikaa nyuma ya Magnus Hedman, halafu akarudi Oldham alikoanzia miaka ishirini nyuma. Msimu wa 2002-03 akawa Queen of the South pale Dumfries, wakabeba Kombe la Challenge, kombe la timu za madaraja ya chini, kwa kuwafunga Brechin City 2-0 fainali. Mwisho Elgin City, daraja la chini kabisa la ligi ya Uskoti wakati ule, kaskazini kabisa. Mwaka 2004 akastaafu, miaka 40. Baadae akafundisha makipa, Airdrie United na Clyde.

Kwahiyo kutoka Old Trafford mpaka Elgin haikuwa kuanguka. Kiwango chake cha kweli wakati ule kilikuwa cha Motherwell, United ilikuwa dharura iliyomnyanyua kwa wiki chache, na kuanzia hapo umri ukamshusha ngazi moja moja kama unavyomshusha kila mtu. Pombe na kamari zilimkosesha Kombe la Dunia, zilimuharibia nyumba, na huenda zilimpunguzia miaka fulani ya ubora. Hazikumfanya azunguke. Kilichomzungusha ni goti, umri, mkataba kuisha, na timu ambazo kipa wao ameumia Ijumaa.

Mwezi Mei 2022 aliambiwa ana saratani ya umio iliyoshafika pabaya, akakataa tiba ya kemo kwasababu ilikuwa inamuongezea muda kidogo sana na maumivu mengi, akazungumza na waandishi wazi kabisa kama alivyokuwa, na tarehe 2 Julai 2022 akafariki, miaka 58.

Sasa wewe. Goti kwanza, kabla hujasaini popote. Nenda kapigwe picha ya MRI na umuone daktari wa mifupa, usiende kwa mtu wa kukanda, na muulize swali moja: nikiendelea kudaka misimu miwili mitatu, nikiwa na miaka 50 nitatembeaje? Kama jibu ni baya, jibu langu na la daktari ni moja, acha kudaka uanze kozi ya ukocha wa makipa sasa hivi, usisubiri. Kama jibu linavumilika, basi hiyo timu ya daraja la chini ikubali, ila uongee nao mambo matatu kabla ya kuweka sahihi. Mkataba uandikwe nani analipia matibabu ya goti ukiumia kazini. Mazoezi ya kuruka na kutua yapunguzwe, kipa wa miaka yako hahitaji kurukishwa mara 80 kwa siku, anahitaji mipira mingi ya kusoma mahali pa kusimama. Na uombe rasmi kumsaidia kocha wa makipa na vijana, iandikwe kwenye mkataba, maana hapo ndo utakapokula baada ya hii.

Kuhusu hao jamaa wanaokuita mzururaji, waulize timu sita hizo zilikulipa au hazikukulipa. Na uangalie pia kanuni za ligi yenu kuhusu usajili wa kipa wa dharura nje ya dirisha. Kule England mpaka leo timu iliyoishiwa makipa inaruhusiwa kuazima mmoja kwa siku saba, na wanaopigiwa simu hizo mara nyingi ni kipa wa pili na wa tatu wa timu fulani, mtu ambaye anafanya mazoezi kila siku na yuko tayari. Aliyekaa nyumbani akisubiri namba moja hapigiwi.